Shilingi tano kwa wiki, miaka 442

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki tatu hivi na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimehama mji au nimeoa. Hapana, sijahama na sijaoa. Nilikuwa nasoma, na kilichonifanya nisome ni simu moja.

Mnajua kazi yangu. Asubuhi naamkia mahakamani, jioni naandika, mhariri anakata nusu, kesho yake mnasoma. Miezi kadhaa iliyopita niliandika habari ya vijana wawili waliomkodi dereva wa bodaboda usiku, wakampeleka hadi kwenye giza, wakamkata panga, wakaondoka na pikipiki. Hakimu akawapa miaka 30 kila mmoja, maana kwa unyang'anyi wa kutumia silaha sheria yetu haishuki chini ya hapo. Mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu anayefunga faili, akaongeza kwamba walipe fidia ya shilingi milioni 3 kwa mlalamikaji. Mimi nikaandika miaka 30 kwenye kichwa cha habari. Ile fidia niliiweka kwenye aya ya mwisho, na aya ya mwisho ndiyo anayoanza nayo mhariri akitafuta nafasi ya tangazo. Haikutoka.

Miezi miwili baadaye yule dereva alinipigia. Namba yangu nilikuwa nimempa mwenyewe pale kwenye benchi la nje. Hakuwa na ugomvi na mimi. Alisema, "Mdogo wangu, wewe unazijua hizi ofisi. Hiyo milioni tatu naifuata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Kaka, nipe siku mbili niulize." Nikauliza. Karani mmoja aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba aje afungue maombi ya kukazia hukumu, aonyeshe mali za wafungwa zikamatwe ziuzwe. Mali gani? Vijana wale walikutwa na simu mbili na lile panga. Panga ni kielelezo.

Halafu kuna habari ya mkono. Alipojikinga, panga lilipita kwenye kiganja cha kushoto na vidole viwili havikunji tena. Anayeendesha pikipiki anajua klachi iko mkono gani. Pikipiki ilipatikana, lakini ilikaa polisi kama kielelezo hadi kesi ilipokwisha, na ilikuwa ya mkataba, kwa hiyo tajiri wake kipindi chote hicho alikuwa anahesabu siku. Serikali imewalisha waliomkata. Yeye alinunua hata ile bandeji.

Basi nikaingia kusoma: je, kuna nchi yoyote duniani iliyowahi kumjibu mtu kama huyu? Ipo. Lakini historia yake ina kisa ndani yake, na ndicho ninachotaka kuwasimulia leo, kwa sababu naona watu wetu wa sera wanapenda sana kutuambia "tuanzishe mfuko" kana kwamba mfuko ukishaanzishwa kazi imekwisha.

Tuanzie Uingereza. Kulikuwa na mama mmoja aitwaye Margery Fry. Maisha yake mengi aliyatumia kutetea wafungwa na kupigania magereza yenye ubinadamu. Ni huyohuyo mtetezi wa wafungwa ambaye katika miaka ya 1950 aligeuka akauliza: na yule aliyepigwa je? Alichukua mfano wa mtu aliyeshambuliwa mwaka 1951 akapofuka. Mahakama ilimpa fidia ya pauni 11,500, na washambuliaji wawili wakaamriwa walipe shilingi tano kila mmoja kwa wiki. Fry akapiga hesabu. Ili kipofu yule apokee senti ya mwisho ilibidi aishi miaka mingine 442. (Nami nimeipiga upya kwa kalkuleta ya simu. Shilingi kumi kwa wiki ni nusu pauni, pauni 26 kwa mwaka. Ni 442 kweli.)

Hoja yake, aliyoitoa gazetini mwaka 1957, ilikuwa nyepesi kueleza. Dola imewakataza raia kulipiza kisasi wenyewe, imewakataza kubeba silaha, imesema ulinzi ni kazi yake. Basi ulinzi ukishindwa, na yenyewe ichangie. Alifariki mwaka uliofuata bila kuona matunda. New Zealand ndiyo iliyotangulia, sheria yake ya 1963 ikaanza kazi Januari 1964. Uingereza ikafuata mwaka huohuo, na mwaka 1965 California ikawa jimbo la kwanza la Marekani kulipa fidia kwa fedha za umma.

Hiyo ni fidia. Huduma ni jambo jingine, na wengi tunavichanganya. Fidia ni hundi. Huduma ni mtu: anayekaa nawe hospitali saa nane za usiku, anayekueleza maana ya "kesi imeahirishwa", anayekutafutia pa kulala kama aliyekupiga ana ufunguo wa nyumba yako. Marekani huduma hizo hazikuanzishwa na serikali. Mwaka 1972 katika mji wa St. Louis, Carol Vittert na wenzake walianza kuwatembelea watu walioibiwa na kupigwa, majumbani kwao, bila malipo. Mwaka huohuo wanawake wa eneo la San Francisco na wa Washington walifungua vituo vya kwanza vya kuwasaidia waliobakwa. Walijitolea wenyewe, na wengi wao yaliwahi kuwakuta.

Hapa niruhusuni nitoke kidogo nje ya barabara. Kwa Kiswahili hata jina la mtu huyu linatusumbua. Magazeti yetu yalizoea "mhanga", lakini mhanga kwa asili yake ni kafara, ndiyo maana tunasema fulani kajitoa mhanga. Wanaharakati siku hizi wanapenda "manusura". Vyumba vya habari vimetulia kwenye "mwathirika". Mahakamani anaitwa mlalamikaji, na siku kesi ikianza anageuka kuwa shahidi wa kwanza wa Jamhuri, yaani hata kesi yenyewe si yake tena. Mtu mwenye majina manne yasiyokaa sawa, si ajabu akakosa dirisha la kwenda. Haya, turudi.

Serikali ya Marekani ilipoziona zile huduma ilizipenda kwa sababu yake yenyewe: mashahidi walikuwa hawaji mahakamani. Kulikuwa na idara ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka 1968 kugawa fedha za kupambana na uhalifu, ikijulikana kwa herufi LEAA. Kuanzia 1974 idara hiyo ilianza kutoa ruzuku kwa miradi ya waathirika na mashahidi. Miradi ikaota kama uyoga. Ofisi zikapangwa, waliokuwa wakijitolea wakaajiriwa. Mwaka 1975 kikaundwa na chama cha kitaifa cha watu wa kazi hiyo.

Halafu pakaja mwaka 1980. Mfumuko wa bei ulikuwa juu na bajeti ilikuwa inabanwa. LEAA haikuwa na watetezi wengi, maana ilishatumia fedha nyingi huku uhalifu ukiongezeka. Bunge likaikatia fedha, na mwaka 1982 ikafungwa kabisa. Miradi mingi iliyoegemea mlango huo mmoja ilianguka nayo. Nisichokisahau katika habari hii ni kwamba hakuna mtu aliyesimama bungeni akasema waliobakwa wasisaidiwe. Hawakutajwa. Walikatwa kwa sababu walikuwa ndani ya kitu kingine kilichokuwa kinakatwa.

Sasa ingia Ronald Reagan. Machi 30, 1981, akiwa hajamaliza miezi mitatu madarakani, alipigwa risasi nje ya hoteli mjini Washington. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani akaishi na ulemavu hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1982 Reagan aliunda tume ya waathirika wa uhalifu chini ya mwanasheria Lois Haight Herrington. Tume ilizunguka miji sita kusikiliza watu, na Desemba ikatoa mapendekezo 68. Oktoba 12, 1984, Reagan akasaini sheria ya waathirika wa uhalifu, ile ambayo Wamarekani huiita VOCA.

Sheria hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa jinsi ilivyofikiriwa kwa akili. Waliona LEAA ilivyokufa. Waliona pia kwamba Reagan alikuja madarakani kupunguza kodi na matumizi. Kwa hiyo wakaunda mfuko usiochota hata senti ya mlipa kodi. Fedha zinatoka kwa wahalifu wenyewe: faini za makosa ya jinai katika mahakama za serikali kuu, dhamana zilizotaifishwa, na tozo ndogo ambayo kila anayetiwa hatiani hulipa. Sehemu inakwenda kwenye majimbo kuongezea fidia, sehemu kubwa zaidi inakwenda kwa mashirika yanayotoa huduma. Mwaka wa kwanza ziliingia dola milioni 68. Aliyebuni jambo hili nampa mkono. Alikuwa amepata jibu kwa Margery Fry: badala ya kumsubiri mhalifu mmoja maskini alipe shilingi tano kwa wiki, kusanya faini za wahalifu wote, matajiri na maskini, ugawe.

Na matajiri walilipa kweli. Mwaka 1999 kampuni za vitamini zilikamatwa zikipanga bei kwa siri dunia nzima. Hoffmann-La Roche ya Uswisi ilitozwa faini ya dola milioni 500, BASF ya Ujerumani dola milioni 225. Fikiria jambo hilo: mtu aliyepandishiwa bei ya vitamini hakujua kama ameibiwa, lakini faini ya wizi ule ilikuwa inakwenda kumlipa mshauri nasaha anayekaa na mtoto aliyelawitiwa katika kijiji cha Nebraska.

Kisima kilipofurika, Bunge likaweka kifuniko. Kuanzia mwaka wa fedha 2000 kiliwekwa kikomo cha kiasi kinachoweza kutolewa kwa mwaka, cha kwanza dola milioni 500, na kinachozidi kibaki kwa miaka ya mbele. Kwa maneno ni busara ya mkulima: usile mbegu. Lakini mhasibu wa serikali si mkulima. Katika hesabu za bajeti ya Marekani, fedha zinazozuiwa chini ya kikomo zinahesabika kama akiba, na "akiba" hiyo inawapa wabunge nafasi ya kutumia zaidi mahali pengine ndani ya muswada uleule. Yaani dola ileile iliyolala kwenye mfuko wa waliobakwa inasaidia kwenye karatasi kulipia kitu kingine kabisa. Haijaibiwa. Ipo. Ila haitoki. Kufikia 2014 kikomo kilikuwa dola milioni 745 tu, wakati mfukoni mmelala mabilioni. Wenye nyumba salama walikuwa wanawarudisha wanawake mlangoni kwa kukosa vitanda huku fedha zao zikiwa benki.

Kelele zilipozidi, mwaka wa fedha 2015 kikomo kilipandishwa ghafla hadi dola bilioni 2.36, na mwaka 2018 kikafika dola bilioni 4.4. Ndiyo miaka ya neema. Mashirika yaliajiri, yalifungua matawi vijijini, yalichukua wanasheria na wakalimani. Aliyekaa kwenye kazi ya miradi anajua hatari iliyojificha hapo. Ukishamwajiri mtu, ukishawaambia watu wa wilaya fulani kwamba namba hii inapokelewa usiku na mchana, umeweka ahadi.

Na kisima kikaanza kukauka. Mwaka wa fedha 2017 mfuko uliingiza zaidi ya dola bilioni 6.5, faini kubwa ya Volkswagen kwa udanganyifu wa moshi wa magari ikiwa miongoni mwake. Mwaka uliofuata ziliingia chini ya dola milioni 500. Kwa nini? Wahalifu wakubwa waliokoka?

Hapana. Kilichobadilika ni namna ya kuwashughulikia. Waendesha mashtaka wa Marekani wana njia mbili za kumaliza kesi ya kampuni. Ya kwanza, ikiri kosa au itiwe hatiani, itozwe faini. Ya pili, wakae mezani, kampuni ilipe, ijirekebishe, na mashtaka yaahirishwe au yasifunguliwe kabisa. Njia ya pili ilikuwa imezoeleka sana. Sasa sheria ya 1984 ilisema faini za waliotiwa hatiani ndizo ziingie mfukoni. Fedha za mapatano hazikuwa faini za hatiani. Zilikwenda hazina kuu. Hakuna aliyepiga kura kuwapunguzia waathirika. Mwanasheria wa serikali alichagua fomu moja badala ya nyingine, kwa sababu zake za kikazi, na mamia ya mamilioni yakageuka njia.

Hili si la mbali na sisi. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX ilianguka dakika chache baada ya kuruka Addis Ababa kuja Nairobi. Walikufa watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyohiyo ilishaanguka Indonesia na kuua 189. Januari 7, 2021, wizara ya sheria ya Marekani ilitangaza mapatano na Boeing: kampuni ilishtakiwa kwa kula njama ya kuwalaghai wakaguzi wa serikali, lakini mashtaka yakaahirishwa kwa malipo ya zaidi ya dola bilioni 2.5. Dola bilioni 1.77 zilikuwa za mashirika ya ndege yaliyonunua. Milioni 500 zikawa za familia za marehemu, na hilo lisemwe. Adhabu yenyewe ya jinai ilikuwa dola milioni 243.6. Kwa utaratibu wa siku ile, adhabu ya namna hiyo haikuwa ya mfuko wa waathirika. Ilikuwa ya hazina.

Familia zenyewe hazikuulizwa kabla ya mapatano. Ilibidi ziende mahakamani, na Oktoba 2022 jaji wa Texas akaamua kwamba waliokufa katika ndege zile ni waathirika wa uhalifu kwa mujibu wa sheria. Kesi iliendelea kupinda na kunyooka hadi Mei 2025, serikali ilipokubaliana na Boeing isishtakiwe, na Novemba mwaka huo mahakama ikaifuta. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya hilo. Siku nyingine.

Tundu lile la kisheria lilizibwa. Julai 20, 2021, Seneti ya Marekani ilipiga kura 100 kwa sifuri, na siku mbili baadaye Rais Biden akasaini: tangu hapo fedha za mapatano nazo ziingie mfukoni, na serikali kuu iongeze mchango wake kwenye fidia za majimbo kutoka asilimia 60 hadi 75. Kura 100 kwa sifuri, ndugu zangu, katika Seneti isiyokubaliana hata juu ya siku ya wiki. Ungedhani kisa kimeishia hapo.

Hakikuishia. Kesi za kampuni huchukua miaka, kwa hiyo maji hayakurudi mara moja, na akiba ilishanywewa. Kikomo kikashuka mwaka hadi mwaka: dola bilioni 2.6 mwaka wa fedha 2022, 1.9 mwaka 2023, 1.35 mwaka 2024. Kutoka kilele cha 2018 hiyo ni chini ya theluthi moja.

Na angalia foleni ilivyo. Sheria inapanga nani anachota kwanza. Kuna fungu la watoto, kuna waratibu wa waathirika katika ofisi za waendesha mashtaka na FBI, kuna fidia za majimbo. Ruzuku za mashirika ya huduma zinapata kinachobaki. Kwa hiyo mfuko ukipungua kwa robo, wa mwisho kwenye foleni hapungukiwi robo. Anapungukiwa zaidi. Kila jimbo lina kiwango cha kuanzia cha dola 500,000, halafu nyongeza kwa idadi ya watu, halafu jimbo nalo linagawa kwa mashirika, na mashirika yanagawa kwa mishahara.

Mishahara ndiyo huduma. Huwezi kupunguza mafuta ya gari ukaokoa kazi hii. Anayekatwa ni mtu wa tawi la kijijini, kwa sababu ndiye mwenye wateja wachache kwenye jedwali. Ni mwanasheria wa amri za zuio. Ni mtu aliyefunzwa kumhoji mtoto mara moja tu, kwa utulivu, ili asirudie habari yake mbele ya watu wazima kumi. Namba ya simu haifungwi, inapunguziwa saa, na mume mlevi hachagui saa za kazi. California ilitenga dola zaidi ya milioni 100 zake yenyewe mwaka 2024 kuziba pengo. Majimbo yasiyo na uwezo huo yalibana.

Aprili 2025 likaja jingine la namna tofauti. Wizara ya sheria chini ya utawala wa Trump ilifuta kwa mkupuo mamia ya ruzuku, kwa maelezo kwamba haziendani tena na vipaumbele vya serikali. Ndani yake mlikuwa na miradi ya waathirika, hata namba za simu za msaada. Baada ya makelele baadhi zilirudishwa, namba za simu zikiwemo. Kwa aliyepiga simu katika siku zile za katikati, kurudishwa ni habari ya gazetini.

Nimekaa na jambo hili nikiligeuza. Waliounda mfuko wa 1984 walitaka kuwatoa waathirika kwenye huruma ya bajeti. Wakafanikiwa kwenye chanzo, lakini bomba liliendelea kupita katika ofisi zilezile. Bunge linashika kikomo. Mwendesha mashtaka anashika aina ya fomu. Wizara inashika ruzuku. Fedha ilikuwa ya wahalifu, mkono uliofunga koki ni wa serikali, na kila aliyefunga aliweza kusema kweli kabisa kwamba hajakata kitu.

Kwetu hatujafika hata kwenye ugomvi wa kikomo. Kenya ina sheria ya kulinda waathirika ya mwaka 2014, inayounda bodi na mfuko. Tanzania hakimu anao uwezo wa kuamuru fidia, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliongeza uzito wa amri hiyo kwa waliobakwa. Tuna PF3, tuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na nimewaona pale askari wanawake wenye moyo wanaotoa nauli mfukoni mwao ili mtoto afike hospitali. Huduma nyingine nyingi za Afrika Mashariki ziliegemea wafadhili. Marekani ilipoifunga USAID mwaka 2025, ikawa ni LEAA upya kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina LEAA: miradi ya kusaidia waliofanyiwa ukatili ilikuwa ndani ya kitu kingine kilichokuwa kinakatwa.

Kuna rafiki yangu, mwanasheria, aliposikia nasoma habari hizi alicheka akasema faini za mahakama zetu ni ndogo, mfuko utajaa lini. Nikamuuliza, faini za kampuni za uchimbaji, za uhujumu uchumi, zile za mapatano ambayo mshtakiwa anarudisha mabilioni na kutoka? Maana sisi nasi, tangu 2019, sheria yetu inaruhusu mshtakiwa kukaa mezani na mwendesha mashtaka. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hizo zinaingia serikalini." Nikamwambia najua.

Wiki iliyopita nilimpigia kaka yangu wa bodaboda. Nilimweleza ukweli: milioni tatu ile ipo kwenye karatasi, karani hadanganyi, na hakuna dirisha lingine nililolipata. Nilimsimulia pia habari ya yule kipofu wa Uingereza na shilingi tano zake. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kama yule mzungu alikuwa na watoto.

Sijui, kaka.

Akasema pikipiki ameirudisha kwa tajiri, sasa anauza mahindi ya kuchoma palepale kijiweni, mkono wa kulia unatosha kupepea. Na akaomba, kama nitaandika tena, niiandike ile milioni tatu. Nimeiandika.